Simu kuzima ikiwa na asilimia 30 asubuhi ya baridi: betri imechoka, baridi imeichongea tu

Mleta mada yuko Njombe, ana Android aliyonunua used. Anasema asubuhi za Juni na Julai inazima ghafla ikiwa na asilimia 30, kisha akiiwasha saa nne jua likishapanda inarudi na 28 na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Anauliza kama ni baridi au betri, kama abadilishe betri au asubiri simu mpya zenye betri za silikoni-kaboni anazozisoma kwenye habari, na kama pawa benki itamsaidia.

Mkuu, tuanze na la kwanza maana ndilo lenye nyama. Wengi waliokujibu hapo juu wamesema "baridi inaua betri". Si kweli, na ukiamini hivyo utaishia kuifunga simu kwenye soksi wakati dawa iko kwa fundi.

Ndani ya betri ya lithiamu umeme hubebwa na ayoni, yaani chembe ndogo zenye chaji, zinazopita kwenye kimiminika kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kikipoa, ayoni zinatembea kwa shida. Umeona mawese ya Kyela yanavyokuwa asubuhi Makete: yamo kwenye chupa, ila hayamwagiki. Chaji yako nayo imo, ndiyo maana saa nne inarudi. Fundi anasema ukinzani wa ndani umepanda. Na betri iliyozeeka ukinzani wake uko juu tayari hata kukiwa na joto, kwa hiyo baridi inaongeza mzigo juu ya mzigo.

Piga hesabu ya mfano. Betri iko kwenye volti 3.7. Ikiwa nzima na haijapoa, chukulia ukinzani wake ni omu 0.1. Ukifungua kamera na flashi, simu inavuta ampea 2 kwa mara moja. Volti zinashuka 0.2, zinabaki 3.5, simu haina habari. Betri hiyo ikichoka na ikapoa, ukinzani ukafika omu 0.3, ampea zilezile 2 zinashusha volti 0.6. Unabaki na 3.1. Simu nyingi hujizima zikifika kati ya 3.4 na 3.2 ili kulinda bodi. Asilimia 30 uliyoiona haikuwa ya uongo, ila mlango wa kutokea ulikuwa umebana.

Sasa kwa nini nasema ni betri? Kwa sababu simu zimetengenezwa zifanye kazi kwenye baridi kubwa kuliko hiyo. Apple, kwa mfano, wanaandika nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi kwa iPhone. Ukiondoa Kitulo na baadhi ya maeneo ya Makete ambako umande huganda alfajiri, ndani ya nyumba za Nyanda za Juu Kusini hatushuki sifuri. Simu yenye betri nzima ikilala mezani Njombe, Mafinga au Uyole inatakiwa iamke na ifanye kazi. Ikizima, ilikuwa mgonjwa tangu kabla ya msimu.

Hili wala si geni. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla, kelele zikawa nyingi, na Machi 2018 toleo la iOS 11.3 likaleta ukurasa wa hali ya betri. Watu walikasirikia kufichwa, na walikuwa na haki, lakini sababu ya kiufundi ilikuwa hii hii ya volti kudondoka. Android nyingi za bei ya kati hazina ujanja huo, zinazima tu.

Kuna kitu kingine cha huku kwetu ambacho watu wa Dar hawakioni sana: mabonde. Ukiwa nyuma ya kilima mbali na mnara, simu inapiga kelele kwa nguvu zake zote ili isikike. Ikishuka hadi 2G, kila inapotuma inavuta umeme kwa vishindo vifupi vinavyoweza kukaribia ampea 2. Betri iliyochoka inazima katikati ya kupiga simu, mwenyewe anadhani laini ina matatizo. Kama simu yako huzimia sehemu ileile njiani kila siku, angalia mtandao kabla hujalaumu kitu kingine. Sehemu isiyoshika kabisa weka hali ya ndege, maana kutafuta mnara usiokuwepo kunamaliza chaji bure.

Kupima mwenyewe kabla ya kwenda kwa fundi: acha simu ipate joto la kawaida, iwe mfukoni saa nzima hivi. Ikiwa kati ya asilimia 30 na 40, pandisha mwanga wa kioo hadi mwisho, washa tochi, cheza video ya mtandaoni, kisha ufungue kamera. Ikizima ikiwa na joto, betri imekwisha kabisa. Ikistahimili hapo lakini ikizima asubuhi tu, imechoka nusu. Itakusogeza, lakini Julai ijayo hamtaelewana.

Kama unataka namba, weka programu ya AccuBattery. Chaji kutoka asilimia 15 hivi hadi 100 mara kadhaa bila kuitumia simu, kisha linganisha mAh (kipimo cha uwezo wa betri) inazokadiria na zile za kiwandani. Chaji moja haitoshi, makadirio ya mwanzo yanayumba. Chini ya asilimia 80 ya uwezo wa kiwandani, panga kubadilisha. Kwenye iPhone nenda Mipangilio, Betri, kisha hali ya betri. Kama ilishabadilishwa na kuwekwa isiyo halisi, unaweza kukuta onyo badala ya namba unayoweza kuiamini. Wanaoshauri "ishushe hadi izime halafu ujaze kabisa" wanarekebisha kipimo cha asilimia tu. Hilo husaidia pale kipimo kinaporuka, mfano kutoka 45 hadi 20 kwa dakika moja. Ukinzani hauponi kwa kuzimisha na kuwasha.

Usisahau kutazama umbo. Laza simu kifudifudi kwenye meza ya kioo. Ikizunguka kama pia, au kioo kimeanza kuachana na fremu, betri imevimba. Hapo acha kuchaji siku hiyohiyo. Usiitoboe "itoe hewa", na usiitupe kwenye shimo la taka linalochomwa moto nyuma ya nyumba. Mpe fundi anayeijua.

Kwa fundi, iwe Mwanjelwa, Njombe mjini au Iringa, kuna mambo ya kusimamia, na fundi mzuri hatachukia ukiuliza. Aanze na pawa saplai (mashine yake ya kulisha simu umeme na kupima inavuta kiasi gani) kabla ya kuuza betri: simu ikiwa imezimwa, mita isome karibu na sifuri. Ikivuta umeme huku imezimwa, kuna shoti kwenye bodi, na betri mpya itaishia kunyonywa kama ya zamani. Hiki kipimo ni cha dakika mbili na kinaokoa ugomvi mwingi.

Betri mpya ipimwe ikiwa bado mkononi. Iliyohifadhiwa vizuri husoma kati ya volti 3.7 na 3.9, maana hutoka kiwandani na chaji ya kiasi. Ikisoma chini ya 3, imekaa dukani hadi ikafa. Irudishe hata kama karatasi yake inang'aa. Angalia tarehe ya kutengenezwa. Halafu tazama mAh: simu iliyotoka kiwandani na 5,000, betri ya umbo lilelile ikiandikwa 6,800, hiyo ni stika tu. Nafasi haijaongezeka, uwezo umetoka wapi? Kopi nyingi ukiziweka mkononi pamoja na ya zamani utahisi wepesi.

Kufungua nako kuna mambo. Simu iwe chini ya asilimia 25, kwa sababu betri iliyojaa ikitobolewa kwa bahati mbaya moto wake ni mwingine. Kava la nyuma lipashwe joto taratibu, nyuzi 60 hadi 80 zinatosha kulegeza gundi. Kiunganishi cha betri kichomolewe kwanza kabla ya kugusa kingine chochote. Betri itolewe kwa kuvuta ule mkanda wake au kwa matone ya spiriti safi chini yake na kadi ya plastiki. Ukiona fundi anachokonoa kwa bisibisi, mwombe asimame. Mwisho, gundi ya kuzuia maji iwekwe mpya kuzunguka kava. Simu iliyofunguliwa isiporudishiwa gundi hiyo haina tena ule ulinzi wa maji na vumbi wa IP68 ulioandikwa kwenye boksi, na kwa mvua za Tukuyu utalijua hilo mapema.

Sasa hizo habari za silikoni-kaboni. Ni za kweli. Betri za kawaida upande wake hasi ni grafiti, ambayo gramu moja hubeba takriban mAh 372. Silikoni kinadharia hubeba karibu mara kumi ya hapo, ila ikijaa inavimba hadi mara tatu au nne ya ukubwa wake na kupasuka. Ndiyo maana wanaichanganya kidogo na kaboni badala ya kuitumia tupu. Honor waliitoa kwenye Magic5 Pro ya soko la China mwaka 2023 ikiwa na mAh 5,450, na OnePlus 13 ikaja na 6,000. Wakati huohuo Samsung Galaxy S20 Ultra ya 2020 ilikuwa na 5,000, na S25 Ultra ya 2025 ni 5,000 ileile. Kwa hiyo wanaoshangilia wana sababu.

Lakini kwa tatizo lako haibadilishi kitu. Nayo itachoka, nayo ukinzani wake utapanda, na siku ikichoka, jiulize betri yake utaipata wapi huku. Betri za Samsung za mfululizo wa A na za Tecno au Infinix zinapatikana kirahisi. Za modeli ya China iliyokuja mkononi mwa msafiri utaagiza na kusubiri. Mimi ningeangalia upatikanaji wa vipuri kabla ya mAh.

Ile habari nyingine ya Ulaya, kwamba kuanzia 18 Februari 2027 simu zinatakiwa ziwe na betri ambayo mtumiaji anaweza kuitoa mwenyewe, usiisubiri kwa hamu sana. Kuna mwanya: betri ikibaki na asilimia 83 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya kuchaji na asilimia 80 baada ya 1,000, na simu ikiwa haiingizi maji wala vumbi, mtengenezaji anaweza kukwepa sharti hilo. Kampuni kubwa zitapitia hapo. Kinachonifurahisha zaidi ni kile kilichoanza 20 Juni 2025, kwamba simu zinazouzwa huko betri zake zivumilie walau mizunguko 800 zikiwa na asilimia 80. Used za Ulaya zitakazotufikia miaka michache ijayo zitakuwa na afadhali.

Na kwa kuwa yako ni used, piga *#06#, tuma hiyo IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenda 15090 uone jibu linataja modeli uliyoishika. Ikitaja simu nyingine, usiingie gharama ya betri kwanza.

Kuhusu kuchaji kwenye baridi, hapa ndipo unaweza kuiua betri kweli. Chini ya nyuzi 0, lithiamu inajipaka juu ya grafiti badala ya kuingia ndani, na hilo halirudi nyuma. Simu nzuri hukataa kuchaji hapo, na kwenye nyuzi chache juu ya sifuri huchaji polepole. Chaja yako ya haraka ikisuasua alfajiri, si lazima iwe mbovu. Ipe simu dakika 20 mfukoni, kisha uchomeke. Usiipashe juu ya jiko la mkaa: joto likizidi linazeesha betri kuliko baridi yote ya Julai, na mvuke wa chungu unaingia kwenye tundu la chaji. Ukitoka nje kwenye ukungu ukaingia jikoni, unyevu hujikusanya kwenye simu iliyopoa. Subiri ikauke kabla ya kuchaji. Mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya bodi, unaacha vumbi tu.

Pawa benki: itakusogeza, haitatibu. Ya mAh 10,000 imehesabiwa kwa volti 3.7, yaani wati-saa 37. Ikipandishwa hadi volti 5 na kupoteza kidogo njiani, simu yenye betri ya 5,000 utaijaza mara moja na robo, ukipata moja na nusu shukuru. Nayo ina lithiamu ndani, inaumwa na baridi vilevile, kwa hiyo ibebe ndani ya koti, si kwenye mfuko wa nje wa begi. Ukikuta dukani pawa benki nyembamba kama simu imeandikwa 50,000, tafuta maandishi madogo ya wati-saa nyuma. Yasipokuwepo, irudishe kwenye rafu.