Wanyanyue polepole au haraka ili waruke juu?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari wilayani Ilemela, Mwanza. Vijana wangu wa mpira wa wavu, wenye umri wa miaka 14 hadi 16, huchuchumaa na kusimama wakiwa wamebeba mabegani bomba la chuma lenye makopo ya zege. Mwenzangu hutaka wasimame taratibu kwa kuhesabu hadi nne, ilhali mimi huwahimiza wafanye haraka. Ni njia ipi itakayowasaidia kuruka juu zaidi?

JIBU: Mwalimu, kwa shabaha ya kuruka, haraka ndiyo njia, ila haraka hiyo ni ya kupanda tu, kushuka kubaki kwa utulivu, magoti yakielekea zinakoelekea nyayo.

Sababu ni muda. Mchezaji anayeruka huisukuma ardhi kwa kipindi kisichofika nusu sekunde, na misuli haiwahi kutoa nguvu yake yote kabla miguu haijaondoka chini, kwa hiyo anayeruka juu si lazima awe mwenye nguvu nyingi kuliko wenzake, bali yule ambaye nguvu zake hufika upesi. Anayejizuia kwa makusudi wakati wa kupanda huifundisha misuli na neva zake kazi nyingine.

Mwenzako, hata hivyo, hakukosea kabisa. Kijana ambaye hajawahi kunyanyua chochote huongeza mruko kwa karibu zoezi lolote la nguvu lililofanywa vizuri, na wiki za mwanzo za mwendo wa taratibu hufaa kwa kujifunza mkao. Isitoshe, chuma kizito hupanda polepole hata kikisukumwa kwa nguvu zote; kinachotakiwa ni nia ya kukisukuma upesi.

Chagua uzito ambao kijana anaweza kuupandisha kwa kasi mara tano bila kuyumba, seti tatu, akipumzika dakika mbili au tatu kati yake, siku mbili za juma zisizofuatana. Msimamishe mara unapoona kasi imepungua, hata kama hesabu haijatimia. Na makopo hayo yapimwe, hata kwa mizani ya wauza sangara, kwa kuwa zege la upande mmoja likizidi la upande mwingine, mgongo wa mtoto ndio unaoumia.

Miruko kwenye mchanga wa ufukweni hupunguza kishindo cha kutua, lakini mchanga hula sehemu ya msukumo, hivyo mingine ifanyike kwenye ardhi ngumu. Umri huu ni wa kurefuka kwa kasi. Anayelalamika maumivu chini ya pia ya goti apunguziwe miruko, na yakiendelea apelekwe kituo cha afya.

Kumaliza ubishi wenu, kijana apake chaki vidoleni, aguse ukuta akiwa amesimama, kisha aguse akiruka: tofauti ya alama hizo ndiyo mruko wake. Rudia baada ya wiki nane, na alama ya kusimama ipimwe upya, maana huenda amerefuka.