Barua kwa Mwanangu Atieno: Feritini 60 na Damu Inayopungua

Atieno mwanangu,

Natumaini vidole vimeamka vizuri leo huko Nakuru. Umeniuliza mambo mawili: vipi himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, iwe 10.2 ilhali feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ni 60 na karatasi inasema feritini hiyo ni ya kawaida; na je, ununue vidonge vya chuma kemisti umeze, kwa kuwa shangazi yako amekwambia baridi yabisi hula damu.

Shangazi hajakosea sana. Nilipoanza kazi ya maabara hapa Kisumu, uboho wa wagonjwa kama wewe, ile sehemu laini ndani ya mfupa inayotengeneza damu, tuliutia rangi inayogeuza chuma kuwa buluu. Kwenye hadubini unaona buluu tele, na mwenye uboho huo damu yake iko chini. Sababu ilikuja kueleweka miaka ya 2000, baada ya kujulikana hepsidini, homoni inayotengenezwa na ini. Kinga ya mwili inaposhambulia viungo vyako, huliamsha ini limwage hepsidini nyingi, nayo hufunga milango ambayo chuma hupitia kutoka kwenye seli kuingia kwenye damu. Ghala lina mahindi, lakini ufunguo umechukuliwa.

Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Zikizeeka huvunjwa, na chuma chake hurudishwa kazini, miligramu 20 hadi 25 kila siku. Kutoka kwenye chakula tunafyonza miligramu 1 au 2 tu. Ndiyo maana omena na managu, hata nikikutumia gunia zima, haviwezi peke yake kuipandisha damu yako wakati viungo vinawaka. (Usiache kuvila. Kamulia limau, na chai uinywe mbali na mlo, kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa.)

Sasa hiyo feritini. Mwili ukiwa na uvimbe, yaani kinga ikiwasha mwili kama inavyowasha viungo vyako, feritini hupanda hata kama akiba ya chuma ni ndogo. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu chini ya mikrogramu 15 kwa lita. Kwa mwenye uvimbe, chini ya 70. CRP yako, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe, iko juu, kwa hiyo 60 yako haisomwi kama 60 ya jirani yako. Yawezekana una yote mawili, chuma kilichofungiwa na chuma kilichopungua kweli. Mwombe daktari akupime pia ni kiasi gani cha transferini, protini inayosafirisha chuma kwenye damu, kimebeba chuma. Kikiwa chini ya asilimia 20, damu haipati chuma cha kutosha.

Na kama kimepungua, kinapotelea wapi? Hapa ndipo roho yangu haitulii. Hiyo diklofenaki, dawa ya maumivu unayomeza kila asubuhi ili uweze kwenda kazini inaweza kutoboa vidonda tumboni, ukavuja damu kidogo kidogo bila kusikia maumivu. Mwambie daktari unaitumia mara ngapi, na umweleze hedhi yako ilivyo, usione haya. Ukiona choo cheusi kinachonata, usisubiri siku ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vidonge vya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi. Ukivianza kiholela, dalili hiyo itakupotea.

Kwa hiyo usinunue, mama. Shika kwanza dawa ya viungo: methotreksati mara moja kwa wiki, siku ileile, kamwe si kila siku, pamoja na asidi ya foliki kama ulivyoandikiwa. Uvimbe ukishuka hepsidini hushuka nayo, na mara nyingi damu hupanda. Daktari akiona unahitaji chuma, muulize kama unaweza kumeza siku moja na kuruka moja, kwa sababu dozi yenyewe huipandisha hepsidini kwa siku nzima hivi, na ya kesho yake haifyonzwi vizuri.

Majibu yakitoka nipigie picha ya karatasi yote, mstari wa CRP uonekane, tuisome pamoja kwenye simu jioni.

Mama yako