Maswali Yenu: Mkeka wa Rifoma Uwe Mnene Kiasi Gani?

Barua nyingi za safari hii zinauliza mikeka, na sishangai maana wengi mmeanza rifoma majuzi tu, unaenda kununua unakuta kila mkeka umeandikwa Pilates, yaani hii aina ya mazoezi tunayoyafanya, na hakuna anayekwambia huu ni wa sakafuni na huu ni wa kwenye mashine. Kwa ambaye hajawahi kuiona, rifoma ni kama kitanda chembamba chenye kigari katikati, hicho kigari kinateleza kwenye reli na kinavutwa na springi kuelekea upande wa miguu, huko kuna bomba la kukanyagia, na upande wa kichwa kuna vizuizi viwili vya mabega na mikanda ya kuvuta kwa mikono au miguu. Basi tuanze.

*Shikamoo mwalimu. Nina miezi mitatu kwenye rifoma, nikilala kwenye kigari mgongo unaniuma kidogo so nikanunua mkeka wa sponji wa milimita 15, mlaini kweli. Nikilala ni raha tupu lakini nikipiga magoti nayumba, na juzi navuta mikanda nikiwa nimepiga magoti mkeka ukateleza wote nikajikuta nimeshika reli. Nibadilishe mkeka au mimi ndo sijui kuutumia? (Dada wa magoti)*

Marahaba dada, na pole sana. Kabla ya mkeka niseme la reli kwanza maana limenitisha: kigari kikirudi na springi halafu vidole viko kwenye reli, vidole ndo vinaumia, kwa hiyo siku nyingine ukihisi unadondoka shika vizuizi vya mabega au jishushe ukalie visigino hapohapo juu ya kigari, reli usiiguse kabisa.

Sasa mkeka. Badilisha, kosa sio lako. Huo ulionunua ni mkeka wa sakafuni, umetengenezwa kukutenganisha na sakafu ngumu, lakini kigari cha rifoma tayari kina sponji yake ndani imefunikwa na ngozi bandia, ukiongeza sentimita moja na nusu ya sponji nyingine juu yake unakuwa umelala godoro juu ya godoro. Mwili unazama, kiuno kinapinda bila wewe kujua, na yale maumivu ya mgongo unayoyakimbia yanaweza hata kuzidi maana hausikii tena uti wa mgongo uko wapi. Mkeka wa rifoma kazi yake sio kulainisha, kazi yake ni kushika na kufunika, basi. Ndo maana mikeka ya rifoma yenyewe huwa myembamba, milimita 1 mpaka 3 hivi, na ukiushika mara ya kwanza unaweza ukadhani umeibiwa.

Kuhusu kuteleza nataka mnielewe vizuri hapa kwa sababu hili ndo linalochagua mkeka. Ukilala chali ukasukuma bomba kwa miguu, vizuizi vya mabega vinakushika, hata mkeka ukiwa mbovu hauendi popote. Kwenye yale mazoezi ya kupiga magoti huku nyayo zimeegemea vizuizi, bado kuna kinachokuzuia. Lakini ukipiga magoti katikati ya kigari ukavuta mikanda, hapo hakuna kizuizi chochote, kinachokushika ni msuguano tu, msuguano wa goti na mkeka halafu msuguano wa mkeka na ile ngozi ya kigari, na ya pili ndo watu wanaisahau. Dukani unagusa juu unasema mkeka huu unashika vizuri, kumbe chini ni laini kama kioo. Geuza. Ugusie chini. Chini panatakiwa pawe mpira unaong'ang'ania, ukiuweka juu ya kigari ukausukuma kwa kiganja kuelekea pembeni usisogee hata kidogo.

Ukishaupata, usiende nao moja kwa moja kwenye springi moja nyepesi. Funga springi zote kigari kikae palepale, piga magoti, egemea mbele, egemea nyuma, weka mikono ukae kama unataka kupiga pushapu. Ukiona umetulia ndo upunguze springi ujaribu mazoezi yenyewe.

Kuhusu saizi, pima kigari chako, usiamini maandishi. Kila kampuni inatengeneza kigari cha upana wake, na vizuizi vya mabega navyo havikai sehemu moja, mkeka uliokatwa matundu kwa mashine moja unaweza ukagoma kabisa kwenye nyingine. Pima upana, pima urefu kutoka kwenye vizuizi mpaka ukingo wa upande wa miguu, pima na nafasi iliyopo katikati ya vizuizi viwili, halafu chukua mkeka ambao ni mdogo kidogo kuliko hivyo vipimo. Kidogo tu. Usiwe mkubwa hata sentimita moja, kwa sababu ukingo unaoning'inia unaingia kwenye magurudumu au unakamatana na kamba, niliwahi kuona kigari kimekwama ghafla katikati ya zoezi kwa sababu ya kona moja ya mkeka na aliyekuwa juu yake alikuwa amesimama. Hakuumia lakini mpaka leo nikiona mkeka unaning'inia nasimamisha darasa.

Na hayo maumivu ya mgongo ukiwa umelala mwambie mwalimu wako aangalie kile kiegemeo cha kichwa kiko juu au chini na bomba limekaa kwa urefu gani, mara nyingi shida iko huko. Yakiendelea muone daktari.

*Mambo mwalimu, tunapofanyia mazoezi wanataka kila mtu aje na mkeka wake na soksi za kushika. Mimi nina taulo kubwa tu, haitoshi? Pia ngozi yangu inawasha nikivaa glovu za mpira, sijui kama inahusiana. (Msomaji wa taulo)*

Poa kabisa ndugu. Taulo hapana. Taulo la kawaida kwenye ngozi bandia linateleza, linajikunja, na pindo zake ni zilezile za kuingia kwenye magurudumu. Ukitaka liweke kichwani tu, dogo, na ulitoe ukianza mazoezi ya kusimama. Wanaokudai mkeka wana haki, kigari kimoja kinalaliwa na watu wengi kwa siku na jasho ni jasho, hata kama wanakifuta kila baada ya darasa.

Hilo la glovu umefanya vizuri sana kuliandika. Mikeka ya mpira asilia ina lateksi, yaani ule utomvu wa mti wa mpira, na glovu nyingi za mpira nazo zina lateksi, kwa hiyo mpaka upimwe kama una mzio nayo usinunue mkeka wa mpira asilia wala usiazime wa mwenzio. Tafuta ulioandikwa wazi kwamba hauna lateksi, iko ya TPE na ya PVC, hizo ni aina za plastiki. Na ukali wake usiudharau, kuna watu kwao ni muwasho tu na kuna watu wanashindwa kupumua.

Nikiwa hapohapo kwenye vifaa, kama unatoka jasho sana angalia ile mikeka ambayo juu ina kitambaa cha maikrofaiba na chini mpira. Ikiwa mikavu inateleza kidogo, ikilowa inashika zaidi, kinyume na ile ya plastiki ambayo ikipata jasho inakuwa kama sabuni. Unainyunyizia maji kidogo pale unapoweka mikono kabla hujaanza. Kwako wewe lakini soma vizuri hicho cha chini kimetengenezwa na nini, isije ikawa ni lateksi ileile. Na soksi zikubane vizuri, ikiwa kubwa inazunguka mguuni, vile vidoti vya mpira vinahamia juu ya mguu na unyayo unabaki mtupu. Losheni pia, jamani, msijipake miguuni na mikononi kabla ya darasa, hakuna mkeka unaoshinda mafuta.

*Mwalimu, mimi rifoma sina na sitegemei kuwa nayo karibuni, nafanya nyumbani chini kwa kufuata video. Nilitaka ninunue ule mkeka mwembamba wa rifoma ili nizoee. Nifanye hivyo? (Kaka wa sebuleni)*

Usifanye, kaka. Kwako wewe ndo ule mnene wa dada wa kwanza unafaa, ingekuwa mnajuana ningesema mbadilishane. Sakafuni kuna mazoezi ya kubingirika, uti wa mgongo unapita pingili kwa pingili kwenye sakafu, na mkeka wa milimita 2 utakuachia michubuko. Chukua milimita 10 mpaka 15, ila mgumu kiasi, ukiubonyeza kwa kidole urudi haraka na kidole kisifike chini. Ule wa yoga wa milimita 4 au 6 ni mzuri kwa kusimama lakini kwa kubingirika bado mwembamba.

Na usijione uko nyuma kwa kukosa mashine. Joseph Pilates mwenyewe, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, alipotoa kitabu chake mwaka 1945 aliweka mazoezi 34 ya sakafuni, hayahitaji mashine yoyote. Tena mengine sakafuni ni magumu zaidi, watu hawaamini mpaka wajaribu. Chukua kushusha miguu yote miwili ukiwa umelala chali: kwenye rifoma miguu iko kwenye mikanda na springi zinakusaidia kubeba uzito, chini hakuna anayekusaidia, ni tumbo lako tu. Unachokosa ni ule mvutano wa springi wakati wa kusukuma na kurudi, na hisia ya kitu kinachosogea chini yako.

Hiyo ya pili unaweza kuipata kidogo, vaa soksi za kawaida miguuni kwenye sakafu inayoteleza, mikono iwe juu ya mkeka na miguu iwe nje ya mkeka, halafu vuta magoti kuja kifuani na kurudisha polepole. Hapo mkeka ushike sakafu kweli, la sivyo mikono na miguu vyote vinaondoka kwa pamoja.

*Mwanangu, nina miaka 63, binti yangu alinipeleka kwenye hiyo mashine na nimeipenda, ila magoti yangu hayataki kabisa kupigwa chini. Nimeambiwa mkeka uwe mwembamba. Nifanyeje? (Mama)*

Shikamoo mama. Nimefurahi umeipenda.

Mkeka ubaki mwembamba, ila chini ya magoti peke yake ongeza kipande. Kuna vipande vidogo vya kupigia magoti vyenye mpira chini, au kunja ncha ya mkeka mara mbili kama ni mpana na hautelezi, uweke pale magoti yanapokaa na uhakikishe miundi na nyayo havijaning'inia vibaya. Kikishakuwa kinene zaidi ya hapo utayumba, na mimi sitaki uyumbe. Mwambie mwalimu akuongezee springi kigari kisiwe kinakimbia, na kwenye kupanda na kushuka asiwahi kutoa springi zote ukiwa unaweka mguu. Zoezi la magoti likikataa, liache mama, mengi yanafanyika ukiwa umekaa kwenye lile sanduku la juu ya kigari na misuli inafanya kazi ileile.

Umeuliza pia mwishoni mwa barua namna ya kuuosha. Maji na sabuni laini kidogo, kitambaa, halafu uning'inize kivulini ukauke pande zote mbili kabla ya kuukunja, na ukikunja upande wa juu uwe nje ili kona zisije zikainuka. Spiriti usipake kwenye mpira, inaukausha unapasuka. Na ukimaliza darasa usiuache umelala juu ya kigari mpaka kesho, mpira unaweza kuacha doa kwenye ile ngozi na doa hilo halitoki.