Printa ya ofisi isikae chini ya kompyuta ya mtu

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza vipi kompyuta sita zitumie printa moja ya USB, maana sasa imechomekwa kwa katibu muhtasi, na akizima yake hakuna anayeprinti. Sisi hapa Chake Chake tuliishi hivyo karibu mwaka mzima. Ijumaa moja katibu wetu alizima kompyuta, akafunga chumba, akaenda msikitini. Benchini alikuwepo mzee anasubiri barua yake, ukurasa mmoja tu, na gari ya Konde inakaribia kuondoka. "Mwanangu, si imeshaandikwa?" Ilikuwa imeshaandikwa, naiona kwenye skrini yangu, lakini sina pa kuitolea. Iliniuma sana.

Tukaitoa stoo kompyuta kuukuu yenye RAM ya GB 2, nikaiweka Debian tupu (mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, wa jamii ya Linux) pamoja na CUPS, programu ya bure ya kusimamia printa iliyotolewa mara ya kwanza 1999. Amri ni "apt install cups", halafu "cupsctl --share-printers --remote-admin", na jina lako uliingize kwenye kundi la lpadmin, yaani wanaoruhusiwa kusimamia printa. Baada ya hapo unafungua kivinjari kwenye kompyuta nyengine, unaandika anwani ya seva, yaani ile kompyuta kuukuu, na mlango 631, unaongeza printa na kuipa jina. Sisi tuliiita "ofisi". Upande wa Windows unaongeza printa kwa kuandika http://192.168.1.10:631/printers/ofisi (192.168.1.10 ndiyo anwani ya seva yetu), na draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, unachagua ya PostScript, lugha ya printa, kwani kazi ya kutafsiri itafanywa na seva. Lakini kwanza kabisa hakikisha printa yenu ina draiva ya Linux. Zipo ambazo hazina, na hapo utahangaika bure.

Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kilichonitoa jasho ni anwani. Siku ya tatu umeme ulikatika, uliporudi ruta ikaigawia seva 192.168.1.14, na kompyuta zote zikabaki zinaitafuta kwenye 10. Watu wakaanza kusema bora tulivyokuwa mwanzo. Basi ingia kwenye ruta, chukua namba ya MAC ya seva, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao, uifungie anwani moja isibadilike. Usiliache hili kwa kesho.

Na kwa kuwa umeme wetu mnaujua, ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya kompyuta kabla Debian haijawaka, uchague ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Seva na ruta ziweke kwenye UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, ila printa ya leza usiichomeke humo: inapopasha moto ile roli ya kugandisha wino huvuta umeme mwingi kwa mara moja, na UPS ndogo huzidiwa ikazima kila kitu.

Jengine: printa ikizimwa katikati ya kazi, foleni inaweza kujisimamisha na isiendelee hata printa ikiwashwa. Mpe CUPS amri hii aendelee kujaribu: "lpadmin -p ofisi -o printer-error-policy=retry-job". Ikishasimama, "cupsenable ofisi" inaifungua.

Kabla hujawatangazia wenzako, zima swichi kuu makusudi na UPS pia, subiri kidogo, washa, na usiguse kitu. Halafu mwambie aliye chumba cha mbali kabisa aprinti ukurasa mmoja. Ukurasa ukitoka, waambie wenzako waanze kazi. Na tuandikie hapa printa yenu ni aina gani, nikuangalilie draiva.