Jibu: Miradi ya Gredi ya 8, mzazi asaidie vipi?

Habari dada. Umesema binti yako analeta miradi ya shule nyumbani kila wiki, na hujui umfanyie au umwache ahangaike. Usimfanyie. Kwanza muulize mwalimu wa darasa ni kazi zipi ndizo tathmini rasmi ya Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC), maana alama za Gredi ya 7 na 8 hubeba 20% ya matokeo ya Gredi ya 9. Zile nyingine ni mazoezi tu, zisikukoseshe usingizi.

Mimi huenda kumwona mwalimu katikati ya muhula. Siku ya mkutano wa wazazi walimu huzingirwa, hupati hata dakika mbili. Na kama unalima mboga, jitolee kusaidia kipindi cha Kilimo. Walimu wetu walikubali mara moja. Shule za bweni sina uzoefu nazo.