Maswali ya Gereji: Vakyumu ya Nairobi si ya Mombasa

*Nimebadilisha sensa ya presha ya manifoldi (bomba la kuingiza hewa kwenye injini). Nikiwasha swichi bila kupiga stata, mashine ya kupimia gari inasoma kilopaskali (kPa) 83, si 101. Nimeuziwa feki?* (Kariobangi)

Hapana. 101 ni presha ya hewa ya usawa wa bahari. Nairobi tuko juu, mita 1,700 hivi, na hewa yenyewe ni 82 hadi 84. Ingesoma 101 ndipo ungeirudisha dukani. Injini ikitulia bila kukanyagwa, ishuke hadi 30 au 40. Isiposhuka, kagua oringi (raba ya duara) ya sensa. Ipake oili safi kidogo, si silikoni: silikoni huziba kitundu cha sensa, na mvuke wake huharibu sensa ya oksijeni.

*Geji ya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) inaonyesha inchi 14 za zebaki, kitabu kinasema 17 hadi 21. Nifungue injini?* (Ngara)

Bado. Kwenye namba ya kitabu, toa inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Sindano ikitulia, 14 ni sawa hapa.

*Nimefunga valvu mpya ya vakyumu ya turbo kwenye dizeli. Gari halivuti.* (Industrial Area)

Yawezekana mipira imepishana. Pua za valvu ni tatu: ya pampu ya vakyumu, ya diski ya turbo (kikopo kinachovuta mkono wa turbo), na ya kupumua yenye kichujio kidogo. Mpira wa pampu ukiingia pua ya kupumua, mkono wa turbo haujongei. Siku nyingine bandika tepu yenye namba kabla ya kuchomoa, na betri iwe imetolewa waya wa hasi.

Sasa pima. Chomeka pampu ya mkono kwenye diski, vuta hadi milimita za zebaki (mmHg) 450. Mkono utembee bila kukwama na sindano isimame dakika nzima. Ikishuka, kiwambo cha ndani kimetoboka. Valvu ulinunua bure. Ikisimama, rudi kwenye mipira. Ule mwembamba unaong'aa, wa tangi la samaki, hulainika kwa joto ukajibana. Tumia raba nene ya vakyumu.

*Nitafute uvujaji kwa kunyunyiza petroli?* (Kawangware)

Utachoma gari. Bana mpira mmojammoja kwa koleo lililofungwa kitambaa, usikilize mlio ukibadilika.

*Mteja anataka geji. Nichomeke kiungo cha T kwenye mpira wa busta ya breki (kifaa kinacholainisha pedali kwa vakyumu)?* (Githurai)

Usiuguse, tafuta pua nyingine ya manifoldi. Kama umeshaukata, weka mpira mpya mzima. Kisha zima injini, kanyaga breki mara 5 hadi iwe ngumu, shikilia, washa. Pedali isiposhuka kidogo, gari lisitoke gereji.