Antivairasi na VPN za nyumbani: nizipime vipi?

SWALI: Habari mtaalam. Nina laptopu ya Windows 11 tunayotumia watu wanne hapa nyumbani, pamoja na simu za Android. Laptopu ilikuja na antivairasi ya majaribio, muda wake umeisha na kila nikiwasha inaniambia niko hatarini nilipie. Nimeona nyingine inauzwa pamoja na VPN kwa bei moja. Nimesoma orodha kama kumi za "bora kuliko zote", kila moja ina mshindi wake. Nichague kwa kigezo gani, na hiyo VPN kweli naihitaji?

JIBU: Karibu sana dada. Nianze na hizo orodha maana ndo zinachanganya watu wengi. Nyingi zinaishi kwa kamisheni, yaani ukibonyeza linki ukanunua basi mwenye tovuti anapata chake, na kwa VPN (huduma ya kupitisha intaneti yako kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni nyingine) mambo yameenda mbali zaidi, kampuni ya Kape Technologies inamiliki ExpressVPN, CyberGhost na Private Internet Access, halafu mwaka 2021 ikanunua na kampuni yenye vpnMentor, tovuti inayopanga VPN kwa ubora. Sisemi kila kinachoandikwa pale ni uongo, ila muuzaji na mwamuzi wakishakuwa mtu mmoja mi siwezi kukushauri utoe hela kwa neno lake.

La pili, tenganisha hivi vitu viwili hata kama vinauzwa pakiti moja. Antivairasi inapimika. VPN kwa sehemu kubwa ni kuaminiana tu, kasi yake utaiona mwenyewe lakini kinachofanyika kwenye seva zao huwezi kukiona ukiwa kwako.

Antivairasi kuna maabara zinazipima mwaka mzima: AV-TEST ya Magdeburg Ujerumani, AV-Comparatives ya Innsbruck Austria na SE Labs ya London. Matokeo yako wazi bure, nenda kasome huko huko. AV-TEST wanatoa alama hadi 6 kwa ulinzi, 6 kwa jinsi inavyoielemea kompyuta na 6 kwa kutokusingizia mafaili salama kuwa ni virusi, jumla 18. Sasa usiangalie mwezi mmoja ukachagua, angalia mwaka mzima, na tofauti ya nusu alama kwa mtu wa nyumbani isikusumbue kabisa. Kinachonisumbua mimi ni hiyo ya kusingizia, coz antivairasi ikipiga kelele kila siku watu wa nyumbani wanazoea kubonyeza "ruhusu" bila kusoma, na siku virusi vya kweli vikija vinaruhusiwa hivyo hivyo.

Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows 11 ni ya bure na miaka hii imekuwa ikipata alama za juu kwenye vipimo hivyo, kwa hiyo swali lako liwe: hii ya kulipia inanipa nini ambacho tayari sina? Defender ina udhaifu wake, inategemea sana intaneti ili kutambua vitu vipya, kompyuta ikiwa nje ya mtandao nguvu yake inashuka. Kama nyumbani kwenu mnahamisha mafaili kwa flashi muda mwingi bila intaneti, hapo kuna sababu ya kufikiria nyingine. Kama sivyo, mi ningebaki nayo.

Ila usiiache hiyo iliyoisha muda, tafadhali. Windows ikiona antivairasi nyingine imejisajili Defender inakaa pembeni, unaweza kujikuta una moja isiyopata tena apdeti na nyingine imelala. Kompyuta nyingi ninazoletewa zikiwa nzito nazikuta na mbili au tatu zinagombania faili moja.

Na angalia kampuni inaishi kwa nini. Avast waligundulika Januari 2020 kwamba kupitia kampuni yao ya Jumpshot walikuwa wanauza taarifa za tovuti wanazotembelea watumiaji, Jumpshot ikafungwa, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawatoza dola milioni 16.5. Wale watumiaji walikuwa wameweka programu ya kuwalinda! Kwa hiyo kabla ya kulipa soma inakusanya nini, na soma pia bei ya mwaka wa pili, maana ya kwanza huwa ya kuvutia halafu kadi inakatwa yenyewe bei ikiwa imeshapanda.

Tuje VPN. Inachofanya ni kufunga kwa siri (kusimba) mawasiliano kati ya kifaa chako na seva yao, mtu wa kati asiyasome, kampuni yako ya intaneti haioni unaenda wapi na tovuti inaona anwani ya intaneti (IP) ya seva badala ya yako. Basi. Haizuii virusi, haizuii linki ya kitapeli, na tovuti nyingi tayari zinatumia HTTPS, inayosimba mawasiliano kati yako na tovuti, kwa hiyo paswedi yako haisafiri wazi kama matangazo yanavyotisha. Ulichofanya ni kuhamisha imani kutoka kampuni ya intaneti kwenda kampuni ya VPN, na ndo maana nakazia kumjua mwenye nayo. UFO VPN walisema hawatunzi kumbukumbu zozote za watumiaji wao, mwaka 2020 hifadhidata yao ikakutwa wazi mtandaoni ikiwa na anwani za IP za watumiaji na hata paswedi. Upande wa pili, Aprili 2023 polisi wa Sweden walienda na hati ya upekuzi ofisi za Mullvad, kampuni ya VPN, mjini Gothenburg wakaondoka mikono mitupu, taarifa walizotafuta hazikuwepo. Ushahidi wa namna hiyo nauthamini kuliko tangazo lolote.

Za bure kwenye simu kuwa makini mno. Utafiti wa 2016 ulioshirikisha taasisi ya CSIRO ya Australia ulipima app 283 za VPN za Android, asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi na asilimia 18 hazikusimba mawasiliano kabisa. App ya VPN inapitisha kila kitu cha simu yako, fikiria hilo kabla ya kuikubalia.

Kwako, kama mnatumia wifi yenu wenyewe na hakuna mnachotaka kuficha kwa kampuni ya intaneti, VPN hamuihitaji. Kama unasafiri sana na kutumia wifi za watu chukua ya mwezi mmoja kwanza, sio miaka miwili, iwe na WireGuard (mfumo wa kisasa wa kuunganisha VPN), iwe na swichi ya kukata intaneti VPN ikianguka, iwe imekaguliwa na watu wa nje na ripoti ikatolewa, kisha pima kama DNS inavuja, yaani kama majina ya tovuti unazofungua yanapita nje ya VPN.

Leo fanya hivi: futa hiyo ya majaribio, ikigoma tumia programu ya kuiondolea ya kampuni yenyewe, zima uwashe, fungua Windows Security uhakikishe Defender imewaka, halafu apdeti Windows yote. Apdeti usiidharau, WannaCry ya Mei 2017, programu hasidi iliyofunga mafaili na kudai fidia, ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walishaliziba Machi. Ukitaka kujua Defender iko macho danlodi faili la EICAR, la kujaribia antivairasi, ni herufi 68 tu zisizo na madhara, likizuiwa iko macho. Na hao wengine watatu wape akaunti za kawaida, ya admin, yenye ruhusa ya kubadili mipangilio ya kompyuta, ibaki kwako.